Nani Ataliita Jina Lako?



Sisi tunaoandika ni mafrateri wawili, watoto wa ukoo mmoja, wenyeji wa Bahi mkoani Dodoma. Baba zetu ni ndugu wa tumbo moja. Tuna umri wa miaka 25, tunasoma falsafa darasa moja, na kitanda cha mmoja kimepakana na cha mwingine bwenini. Aliyeshika kalamu ni mmoja, lakini mambo haya tuliyaona wote wawili. Pale itakapobidi tutasema "mmoja wetu" bila kutaja yupi. Atakayetaka sana kujua ni yupi, basi atuombee wote.

Desemba iliyopita tulirudi nyumbani kwa likizo ya Noeli. Bahi iko magharibi ya Dodoma mjini, kwenye barabara ya kwenda Singida, na Reli ya Kati inapita hapohapo. Anayepita kwa basi mwezi wa Oktoba huona vumbi, mibuyu na ng'ombe waliokonda, akajiuliza watu wa huku wanaishije. Tungemwomba apite tena mwezi wa Aprili. Mto Bubu huteremka kutoka upande wa Kondoa na kumwaga maji yake katika bwawa la Bahi, bwawa ambalo halina mto wa kutoka. Maji yakishaingia hubaki humo mpaka jua liyakaushe. Mwaka wa mvua nzuri watu huingiza mitumbwi na kuvua kambale na perege, na majaruba ya mpunga hujaa pande zote. Mwaka wa mvua mbaya bwawa hukauka, tope hupasuka, na mvuvi hutundika nyavu. Hakuna anayejua Desemba kama huu ni mwaka wa namna gani. Lakini mbegu humwagwa Desemba.

Tulimkuta Babu amekaa kwenye kigoda chini ya mwarobaini, amepungua mwili mpaka shati limekuwa kama la mtu mwingine. Daktari alikuwa amewaambia baba zetu mwezi wa Septemba kwamba ni saratani ya tezi dume na imeshafika kwenye mifupa. Babu hakuambiwa. Ila alijua, kama wazee wanavyojua.

"Mbukwenyi," alitusalimu kwa Kigogo, kisha akaongeza kwa Kiswahili ili mama wa jirani naye asikie, "karibuni mapadre msio na parokia."

Tulipiga magoti akatuwekea mkono kichwani. Baada ya uji alisema: "Kesho mnanisindikiza jarubani. Nataka kitalu kiwe tayari kabla ya Noeli."

Baba mkubwa alisema, "Baba, mwaka huu pumzika."

"Nitapumzika sana tu," Babu alijibu. "Muda wa kupumzika upo."

Kwa hiyo wiki ile tulilima kitalu. Yeye alikaa pembeni chini ya mwavuli, akituonyesha kwa fimbo mahali tulipoacha magugu, na kutukumbusha kwamba Kilatini hakioteshi mpunga. Jioni tulirudi naye polepole, mmoja akimshika mkono, mwingine amebeba kigoda. Ni katika safari hizo za kurudi ndipo alipokuwa akituuliza tunafundishwa nini huko.

Muhula ule tulikuwa tumesoma juu ya kifo. Ni jambo la ajabu kumweleza mtu anayekufa ulichosoma juu ya kifo. Lakini aliuliza mwenyewe, na mzee akiuliza hujibiwi kwa kunyamaza. Tulianza na Epicurus, Mgiriki aliyefundisha Athene karibu miaka 300 kabla ya Kristo. Hoja yake ni nyepesi kubeba: wema na ubaya wote tunaujua kwa kuhisi, aliyekufa hahisi, basi kifo hakina ubaya wowote kwake. Tukiwepo sisi, kifo hakijafika. Kikifika, sisi hatupo. Kwa nini basi kuogopa jambo ambalo hatutakutana nalo?

Babu alisimama njiani, akafikiri. "Huyo mzee alikuwa na watoto?"

Tulimjibu kwamba hakuoa wala hakuzaa.

"Ndiyo maana," alisema, akaendelea kutembea.

Tulicheka wote watatu. Lakini usiku hatukuweza kuliacha neno lile. Babu alikuwa ameona tundu la hoja ambalo sisi tuliandikia mtihani bila kuliona. Epicurus anazungumza kana kwamba kifo ni jambo la anayekufa peke yake. Babu alijua kifo upande wa pili. Alikuwa amezaa watoto tisa na kuzika wanne. Alipokuwa anawazika wale wanne, kifo kilikuwepo na yeye alikuwepo, vyote viwili pamoja, kaburi moja.

Tuliporudi seminarini tulitafuta habari za maisha ya Epicurus mwenyewe, na tukakuta jambo ambalo hatukuambiwa darasani. Alikufa kwa mkojo kuziba, kwa maumivu makali, karibu kama Babu. Na kabla ya kufa aliacha wosia. Mle aliagiza siku yake ya kuzaliwa iadhimishwe kila mwaka, na rafiki zake wakutane kila mwezi tarehe 20 kumkumbuka yeye na rafiki yake Metrodorus aliyetangulia kufa. Aliagiza pia watoto wa huyo Metrodorus watunzwe. Mtu aliyefundisha kwamba kifo si kitu kwetu aliomba akumbukwe mara 12 kwa mwaka, na wasiwasi wake wa mwisho ulikuwa juu ya watoto wa rafiki. Hatusemi hivyo kumcheka. Tulimpenda zaidi baada ya kusoma wosia ule kuliko tulivyompenda kwa hoja yake.

Jioni iliyofuata tulimpelekea Babu Socrates. Tulimsimulia jinsi Plato anavyoeleza siku yake ya mwisho gerezani: mke alivyorudishwa nyumbani na mtoto wake kwa kuwa alikuwa analia, na mzee alivyobaki akizungumza na rafiki zake kwa utulivu mpaka alipoletewa sumu. Kwake kufa ni roho kufunguliwa kutoka mwilini, na mwanafalsafa wa kweli amekuwa akijizoeza kufa maisha yake yote.

Babu aliinua mikono yake miwili, akaitazama mbele na nyuma. Ile ndiyo mikono iliyochimba yale majaruba. "Huu si gereza," alisema. Halafu baada ya hatua kadhaa: "Yesu naye alikufa hivyo? Kwa utulivu?"

Tulijua jibu, na yeye alilijua kabla yetu. Babu alibatizwa akiwa kijana, wakati Kanisa la Dodoma likiwa bado mikononi mwa Wapasionisti, wamisionari wa Italia waliokabidhiwa eneo hili miaka ya 1930, kabla Dodoma haijawa jimbo mwaka 1953. Shirika lile kazi yake ya kwanza ni kukumbusha watu Mateso ya Bwana. Kwa hiyo Babu alifundishwa Njia ya Msalaba kabla ya kujua kusoma. Alijua kwamba Yesu alilia kaburini kwa Lazaro ijapokuwa alikuwa anakwenda kumfufua. Alijua kwamba Gethsemane aliogopa, akatoka jasho, akaomba kikombe kimwepuke. Socrates alikufa vizuri kuliko Yesu, kama kufa vizuri ni kufa bila machozi. Imani yetu haikuchagua njia ya Socrates. Haikusema kwamba mwili ni nguo ya kuvua na kutupa. Kila Dominika tunakiri ufufuko wa mwili, na tunaukiri haraka kama watu wanaosoma ratiba ya treni. Yule mzee alikuwa akiitazama mikono yake kama mtu anayeelewa alichokuwa akikiri.

Siku ya tatu aliuliza yeye.

"Mimi nina wavulana wawili waliobaki. Na hao wawili kila mmoja ana mvulana mmoja, ndio nyie. Dada zenu wapo, Mulungu awabariki, lakini watoto wao wanaitwa kwa majina ya watu wengine. Nyie wote mmekwenda kwa Baba Gambera. Sijawakataza, na sasa siwakatazi. Nauliza tu. Mimi nikifa, nyie mtaliita jina langu. Nyie mkifa, nani ataliita lenu?"

Hatukuwa na jibu. Tulichokuwa nacho ni kitabu. Mwaka 1969 John Mbiti, mwanatheolojia wa Kenya, alichapa kitabu chake juu ya dini na falsafa za Kiafrika, na humo alitumia maneno mawili ya Kiswahili ambayo sasa yanasomwa dunia nzima: sasa na zamani. Kwa maelezo yake, mtu akifa hatoki mara moja katika sasa. Maadamu kuna mtu hai aliyemfahamu na anayemtaja kwa jina, yeye ni marehemu aliye hai bado, yumo katika familia. Anapokufa mtu wa mwisho aliyemjua, ndipo naye anapozama katika zamani, na hapo kufa kwake kunakamilika. Ndiyo sababu, anasema Mbiti, kuoa na kuzaa si jambo la hiari tu kwa Mwafrika, ni wajibu. Asiyeacha mtoto amezima moto. Sisi tulikuwa tumekariri kurasa zile kwa ajili ya mtihani. Sasa zilikuwa zimekaa mbele yetu kwenye kigoda, zinasubiri jibu.

Tuseme ukweli: swali lile halikuwa geni kwa mmoja wetu. Seminarini tunaambiwa kwamba useja ni zawadi na sadaka, nasi tunaitikia. Lakini usiku ule, baada ya Babu kulala, mmoja wetu alisema jambo ambalo hakuwahi kulisema hata kwa mlezi wa kiroho. Alisema kwamba anadhani alikwenda seminari kwa woga. Alipokuwa na miaka saba mama yake alijifungua mtoto wa kike aliyeishi siku 11. Alikumbuka kimo cha lile kaburi. Alikumbuka mama yake akikamua maziwa na kuyamwaga chini nyuma ya nyumba, kwa kuwa hakukuwa na wa kuyanywa. Tangu siku ile, alisema, alitaka maisha ambayo hayatamfikisha pale. Kanzu ilionekana kama mahali pa kujificha. Asiye na mke hazalishi. Asiyezaa hamziki mtoto.

Yule mwingine hakujua la kusema. Tulilala kimya.

Asubuhi mmoja wetu alimweleza Babu. Hatukupanga, ilitoka tu tukiwa jarubani. Babu alisikiliza mpaka mwisho akichora chora ardhini kwa fimbo. Kisha akawataja watoto wake wanne kwa majina, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alikufa kwa nini: surua wawili, homa mmoja, na wa nne aligongwa na gari akiwa kijana mkubwa. Hatukuwahi kumsikia akiwataja wote pamoja.

"Niliwazika hawa," alisema. "Wa kwanza nilipomzika nilimwambia bibi yenu, basi, tusizae tena. Akaniambia, kumbe ulitaka mtoto au ulitaka usilie? Tukazaa tena. Mjukuu wangu, ukienda upadre ili usilie, usiende. Padre gani asiyelia? Atamzika nani na watu wamsikilize? Anayekataa kupenda ili asije akalia, huyo ameshatangulia kaburini, anatusubiri."

Hapo ndipo tulipoelewa tatizo letu lilikuwa wapi. Wapo wanafalsafa na wenye hekima wengi, wa Ulaya na wa Asia, waliofundisha kwamba mateso hutokana na tamaa: punguza kutaka, na utapunguza kuumia. Epictetus, aliyekuwa mtumwa, aliwashauri wanafunzi wake kwamba mtu anapombusu mwanawe ajikumbushe moyoni kuwa anambusu kiumbe cha kufa. Kuna hekima katika shauri hilo, na mtawa yeyote anaijua. Lakini hekima ya kutuliza moyo inaweza ikageuka kuwa ujanja wa kuufunga. Na mfrateri anayeukubali useja kwa ujanja huo hajamfuata Kristo. Ni Epicurus aliyevaa kanzu.

Mt. Thoma wa Akwino alifundisha tofauti. Kwake tamaa, kabla haijapotoka, ni mwendo wa kiumbe kuelekea lililo jema, na tamaa iliyopandwa katika maumbile yenyewe haiwezi kuwa ya bure kabisa. Tunajua wapo watakaotujibu kwa maneno ya Sigmund Freud, aliyeandika mwaka 1927 kwamba dini ni ndoto iliyotengenezwa na matakwa yetu: tunaogopa kufa, basi tunajitengenezea Baba mbinguni. Hoja hiyo tusiipuuze. Kiu ya mtu wa Bahi haithibitishi kwamba bwawa lina maji leo. Lakini inathibitisha kwamba mtu huyo ameumbwa kwa namna ambayo hawezi kuishi bila maji. Na tuseme jambo moja tulilolishuhudia: dini haikumwondolea Babu hofu. Usiku maumivu yalipozidi aliogopa, akatushika mikono, akalia. Kama dini ni dawa ya usingizi, basi yeye alidhulumiwa, maana alikuwa macho muda wote.

Mt. Augustino anatufaa hapa kuliko wengine, kwa sababu hakuandika juu ya kifo kutoka mbali. Katika Maungamo anasimulia kifo cha rafiki wa ujana wake, na anajilaumu kwamba alimpenda mtu wa kufa kana kwamba hatakufa. Baadaye alikuwa na mwana, Adeodatus, kijana mwenye akili kali. Aliandika naye majadiliano yanayoitwa Mwalimu, na anatuambia kwamba mawazo aliyomwekea mwanawe humo yalikuwa kweli ya kijana mwenyewe, akiwa na miaka 16. Muda mfupi baadaye Adeodatus alikufa. Augustino akawa padre, kisha askofu, akiwa baba aliyezika. Hakuacha kupenda. Alijifunza kuwapenda watu ndani ya Mungu, ambaye hapotezi mtu.

Bado swali la Babu lilikuwa halijajibiwa. Jibu, kama ni jibu, alitupa mwenyewe, siku mbili kabla ya Noeli, na lilitoka mahali tusipotazamia.

Mama yake alikuwa mtoto wakati wa Mtunya. Wasomaji wa Dodoma wanalijua neno hilo; wengine tuwaeleze. Ni njaa kuu ya Ugogo ya miaka ya 1917 hadi 1920. Majeshi ya Wajerumani na Waingereza yaliyopigana katika Vita Kuu ya Kwanza yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, halafu mvua zikakosekana. Watu walikufa kwa maelfu. Wengine waliwaweka watoto rehani kwa chakula. Ndani ya njaa hiyohiyo, mwaka 1917, alizaliwa Ihumwa mtoto ambaye baadaye alikuwa mshairi Mathias Mnyampala, Mgogo na Mkatoliki, aliyeitunga Injili kuwa utenzi na kuandika historia ya watu wake. Alikufa mwaka 1969, mwaka uleule kitabu cha Mbiti kilipotoka. Mnyampala tunamkumbuka. Lakini Babu hakuwa anamfikiria Mnyampala.

"Mama aliniambia," alisema, "walipokuwa wanakimbia njaa walipita nyumba nzima za tembe, watu wote wamelala ndani, hakuna wa kuzika. Baba, mama, watoto. Ukoo mzima. Hao jina lao linaitwa na nani? Hakuna. Mimi niliwahi kumuuliza padre mmoja wa zamani, hao wako wapi? Akasema, kila Misa wanatajwa. Nikamwambia, hawatajwi, sijawahi kusikia jina hata moja. Akasema, tunawataja wote ambao Mungu peke yake anawajua. Tangu siku hiyo padre akifika pale, mimi nainamisha kichwa. Nasema, haya, hao ndio wale wa nyumba zile."

Akanyamaza. Kisha akasema: "Basi na nyie mtakuwa humo. Si pabaya."

Tumelitafakari neno hilo miezi mingi. Mbiti alieleza sawasawa kile ambacho sisi Waafrika tunakitaka: kuitwa kwa jina baada ya kufa. Tamaa hiyo si dhambi wala si ushamba. Hata Epicurus alikuwa nayo. Lakini kumbukumbu ya watoto ni kama bwawa la Bahi: hata mwaka wa neema, haina mto wa kutoka, na siku moja hukauka. Aliye na wajukuu 50 naye atazama katika zamani, amechelewa vizazi vinne tu. Na wale wa Mtunya walizama siku moja. Kama hakuna Mungu anayekumbuka, basi sote ni watu wa nyumba zile, tofauti ni ya muda. Mhalifu aliyesulubiwa pamoja na Yesu hakuwa na muda wa kurekebisha lolote. Aliomba akumbukwe tu.

Kwa hiyo sasa tunauelewa useja hivi. Mfrateri wa Kigogo anayeacha kuzaa anaweka jina lake pamoja na majina yasiyotajwa na mtu. Anasema kwa mwili wake kwamba Mungu anakumbuka. Na kwa kuwa hana nyumba moja ya kulilia, anajitoa alilie nyumba nyingi. Asipofanya hilo la pili, la kwanza ni majivuno.

Babu alipakwa mafuta matakatifu na Paroko siku ya Noeli, akapokea Komunyo. Alifariki wiki ya kwanza ya Januari, alfajiri, baba zetu wakiwa pale. Miche kitaluni ilikuwa imefika urefu wa kiganja.

Mazishi yalikuwa ya kilio na kicheko, kama mazishi ya mzee yanavyotakiwa kuwa. Kabla ya jeneza kushushwa, mtani mmoja alirukia kaburini akalala chali, akasema Babu anadaiwa mbuzi na yeye hatoki mpaka alipwe. Wajomba walichanga, akahesabu noti mle mle, akalalamika hazitoshi, watu wakacheka huku machozi yanatiririka. Tulikumbuka madarasa yetu. Kuna wanaosema kifo si kitu, na kuna wanaosema kifo ni kila kitu. Mtani yule alikataa yote mawili akiwa amelala mahali penyewe. Alipotoka, alikuwa wa kwanza kushika koleo.

Siku tatu baadaye kina mama wa jumuiya na baba zetu waliihamishia miche jarubani. Tulipanda nao siku mbili, tope mpaka magotini, kisha tukarudi seminarini.

Juni tulikuja kwa mavuno. Mvua zilikuwa za kadiri, bwawa lilijaa nusu, na jaruba la Babu lilitoa magunia saba. Baba mkubwa alitenga gunia moja kwa ajili ya Misa ya kumkumbuka. Kabla ya Misa katekista aliomba majina ya marehemu wa familia. Tuliandika jina la Babu, la Bibi, na la wale wanne. Mmoja wetu aliongeza jina la dada yake wa siku 11. Mama yake alipolisikia likisomwa aliinua kichwa, kwa kuwa lilikuwa halijatamkwa mbele ya watu kwa miaka 18. Mwishoni tuliandika: na wale wa Mtunya. Katekista alitutazama, akasoma kama ilivyoandikwa.

Kila mwaka tunatakiwa kumwandikia Baba Gambera barua ya kuomba kuendelea na malezi, na kueleza sababu. Mmoja wetu alikuwa ameiacha sehemu hiyo wazi tangu Mei. Jioni ya siku ile, akiwa amekaa kwenye kigoda cha Babu, aliijaza. Hakuandika neno "sadaka". Aliandika kwamba anaomba kuendelea kwa sababu angependa kuwapenda watu ambao huenda atawazika, na kwamba bado anaogopa.

Wapendwa, mnapotuombea sisi mafrateri, msituombee tu tusianguke. Ombeni tusiifunge mioyo. Na Padre afikapo mahali pale pa Misa pa kuwakumbuka marehemu, inamisheni kichwa kwa ajili ya wale wasio na wa kuwataja.